Goti na Hilali Zake Mbili

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa

Naamini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na madaftari yako tayari. Ninyi mnaoongoza madarasa, shikeni chaki mwandike ubaoni maneno manne: goti, gegedu, kano, hilali. Hayo manne yatatutosha kwa usiku wa leo.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo kilichomo ndani ya goti. Kila mtu huzaliwa na vitu hivyo vinne, viwili katika kila goti. Kwa muda wa miaka themanini hivi madaktari walikuwa wakivikata na kuvitupa, na wagonjwa wakawashukuru kwa kazi hiyo. Madaktari hao hawakuwa wajinga, wala hawakuwa watu wabaya. Ndiyo maana habari yao inafaa kusomwa.

Kwanza tulijue goti lenyewe. Kila mtu na akae ukingoni mwa kiti au benchi lake. Haya, nyosha mguu mmoja mbele, kisigino kikae chini, na ulilegeze paja. Sasa shika kwa vidole viwili kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti. Hicho huitwa pia ya goti, na wengine hukiita kilegesambwa. Kisukume kushoto, kisukume kulia. Kinacheza, sivyo? Sasa kaza paja kwa nguvu kama mtu anayetaka kupiga teke. Pia imeshikwa, haisogei tena. Sababu yake ni hii: pia imelala katikati ya ukano wa msuli mkubwa wa paja, na ukano huo hupita juu ya goti ukajifunga mbele ya mfupa wa muundi. Msuli ukivuta, mguu hunyooka. Pia huuinua ukano mbele kidogo, na kwa hiyo msuli hupata nguvu zaidi ya kuvuta, kama vile kamba ipitayo juu ya kapi. Akina mama watapenda kujua kwamba mtoto mchanga hana pia ya mfupa. Anayo ya gegedu tu, laini, nayo huanza kugeuka mfupa mtoto afikapo umri wa miaka 3 hivi.

Nyuma ya pia hiyo mifupa miwili mikubwa hukutana. Wa juu ni mfupa wa paja, mrefu kuliko mifupa yote ya mwili. Wa chini ni mfupa wa muundi. Sasa tazameni jambo la ajabu. Ncha ya mfupa wa paja ina vifundo viwili vya mviringo. Funga mikono yako miwili ngumi, uziweke ngumi hizo bega kwa bega, utaona mfano wake. Lakini kichwa cha mfupa wa muundi ni bapa, kama meza. Basi mwili wetu umewekwa juu ya mviringo, na mviringo umewekwa juu ya bapa.

Waulizeni akina mama waliomo darasani: chungu cha mviringo ukikiweka juu ya meza tupu, itakuwaje? Kitagusa meza mahali padogo sana, nacho kitapinduka. Ndiyo maana mwenye kubeba maji hakiweki chungu kichwani pake hivi hivi. Hukunja kata, ya nguo au ya majani, wengine husema ngata, akaiweka kwanza. Kata hufanya kazi mbili. Hukizuia chungu kisiviringike, na huutandaza uzito wake, usikae wote mahali pamoja pa utosi ukaumiza. Ondoa kata, uzito ni ule ule, lakini hutafika nao mbali.

Goti nalo lina kata zake, mbili, moja chini ya kila kifundo cha mfupa wa paja. Si duara kamili. Zimepinda kama mwezi mwandamo. Ukingo wake wa nje ni mnene, na ukingo wa ndani ni mwembamba kama makali ya kisu. Jina lake la kitaalamu ni meniskasi, neno lenye asili ya Kiyunani, maana yake mwezi mdogo. Sisi usiku huu tutaziita hilali. Ile iliyo upande wa goti la pili tutaiita hilali ya ndani, na nyingine tutaiita hilali ya nje.

Neno gegedu mnalifahamu. Mkila kuku, mmeona ile kofia nyeupe inayoteleza kwenye ncha ya mfupa wa paja lake. Gegedu la namna hiyo limefunika ncha za mifupa katika viungo vyetu, ili mfupa usisuguane na mfupa. Hilali ni gegedu pia, lakini la namna ngumu zaidi, lenye nyuzinyuzi. Kumbukeni jambo moja juu ya gegedu la ncha za mifupa, kwani tutalihitaji baadaye. Gegedu hilo halina mishipa ya damu, wala halina mishipa ya fahamu. Likianza kulika, lenyewe halikupi habari, na likilika, halijijengi tena vizuri. Mwaka 1743 daktari William Hunter alisoma habari hizo mbele ya wataalamu wa London, akasema kwamba gegedu likiisha kuharibika halirudi. Maneno yake yamesimama hata leo.

Tena ziko kano. Hizi ni kamba ngumu zifungazo mfupa kwa mfupa. Goti lina kano moja kila ubavu, na mbili nyingine ndani kabisa, zinazopishana kama herufi X, ili muundi usiteleze mbele wala nyuma. Vitu vyote hivi vimo ndani ya mfuko mmoja wenye ute mzito, mfano wa ute wa yai, nao ndio mafuta ya kiungo.

Watu wengi hudhani goti ni kama bawaba ya mlango, hufunguka na kufunga basi. Sivyo. Mwaka 1836 ndugu wawili Wajerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walitoa kitabu juu ya mwendo wa mwanadamu, wakaonyesha kwamba mfupa wa paja huviringika na tena huteleza juu ya muundi, mambo mawili pamoja. Goti likinyooka kabisa, muundi hujizungusha nje kidogo, na goti likajifunga kama kufuli. Hapo mtu aweza kusimama muda mrefu bila msuli wa paja kuchoka upesi. Likikunjwa, hilali nazo husogea nyuma, zikiufuata mfupa. Ile ya nje husogea sana. Ile ya ndani imeshikamana na kano ya ubavuni, kwa hiyo haina nafasi kubwa ya kusogea. Basi mtu akiwa amekunja goti, wayo umekazwa chini, na mwili wake ukageuka ghafula, hilali ya ndani hubanwa kati ya mifupa kama ncha ya kanga inavyonaswa mlangoni. Nayo huchanika. Kipande kilichochanika kikijikunja katikati ya kiungo, goti hukwama. Halinyooki tena.

Hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

Sitakaa sana na watu wa kale. Galen, tabibu Myunani aliyekufa miaka 1800 hivi iliyopita, alipasua nyani na nguruwe zaidi kuliko watu, na Ulaya ikamfuata kwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Padua, alitoa kitabu kikubwa chenye picha za mwili wa mtu kama alivyouona yeye mwenyewe kwa kupasua maiti. Tangu hapo wataalamu wa Ulaya walizidi kujua kila kitu cha goti kilipo. Lakini kujua kitu kilipo si kujua kazi yake. Hilo liliwachukua miaka mia nne zaidi.

Mwaka 1803 daktari William Hey wa mji wa Leeds, Uingereza, aliandika kitabu, na ndani yake akaeleza habari za goti linalokwama ghafula bila mfupa kuvunjika. Alifahamu kwamba kuna kitu kimetoka mahali pake mle ndani. Dawa yake ilikuwa mikono yake tu. Alilinyosha goti, kisha akalikunja kwa ghafula, na mara nyingi mgonjwa akasimama akaenda zake. Hakukata. Siku zile hakuna daktari mwenye akili aliyependa kulipasua goti la mtu hai. Dawa ya kulaza mgonjwa asisikie maumivu ilikuwa haijapatikana. Ilikuja kuonyeshwa watu huko Boston, Marekani, mwaka 1846. Na juu ya maumivu kulikuwa na usaha. Kiungo kikifunguliwa kwa kisu, mara nyingi kilioza, mguu ukakatwa, au mtu akafa. Ikawa hivyo mpaka Joseph Lister alipotangaza mwaka 1867 namna yake ya kuua vijidudu vya vidonda kwa dawa ya kaboliki.

Lister alifundisha Edinburgh, Scotland. Alipoondoka mwaka 1877, mahali pake pakakaliwa na Thomas Annandale. Mwezi wa Novemba mwaka 1883 Annandale alimpokea mtu mmoja, mchimba makaa ya mawe.

Hapa nataka mfikiri juu ya kazi ya watu hao. Katika migodi mingi ya makaa ya Uingereza, tabaka la makaa chini ya ardhi lilikuwa jembamba, na mchimbaji hakuweza kusimama. Alipiga magoti, au alichutama, siku nzima, akipiga sururu na kugeuza kiwiliwili kutupa makaa nyuma yake. Goti limekunjwa, wayo umekazwa, mwili unageuka. Ni yale yale tuliyosema sasa hivi. Mchimbaji ambaye goti lake linakwama hawezi kupiga magoti, na asiyeweza kupiga magoti hapati mshahara.

Annandale alilifungua goti la mtu huyo kwa njia ya Lister. Akaona kwamba hilali ya ndani imeng'oka mahali pake. Je, akafanya nini? Akaishona. Aliirudisha pale ilipokuwa, akaifunga kwa nyuzi nyembamba za utumbo wa mnyama. Jeraha likapona, na yule mchimbaji akarudi kazini. Annandale akaiandika habari hiyo katika gazeti la madaktari wa Uingereza mwaka 1885.

Ndugu zangu, kama mambo yangaliendelea vile alivyoanza mtu huyu, somo letu lingalikuwa fupi. Lakini kushona ndani ya goti ni kazi ngumu, na kukata ni rahisi. Mwaka 1889 Annandale huyo huyo aliandika tena, safari hii juu ya mgonjwa ambaye hilali yake ilitolewa kabisa, na goti lake likacheza vizuri sana. Wengine wakasoma. Wakaifuata njia ya pili, wakaisahau ya kwanza.

Kisha akaja mtaalamu mwenye jina kubwa, akawapa sababu. Huyo alikuwa John Bland-Sutton wa London, mpasuaji hodari, tena mpenzi wa kulinganisha miili ya wanyama wa kila namna. Katika kitabu chake juu ya kano, katika chapa ya mwaka 1897, aliandika kwamba hilali za goti ni masalio tu ya misuli ya mguu ya zamani, masalio yasiyo na kazi. Tazameni, basi. Kitu kikiwa hakina kazi, na kimechanika, na kinamuumiza mtu, kuna hasara gani kukitoa?

Mimi simlaumu sana Bland-Sutton. Alikuwa na macho makali ya kuona umbo la kitu, na umbo peke yake halisemi kazi. Mgeni asiyewahi kuona mtu akibeba maji, ukimwonyesha kata imewekwa ukutani bila chungu, ataona tambara lililokunjwa, basi.

Hivyo ikawa desturi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na hata baadaye, kutoa hilali kulikuwa miongoni mwa kazi za kila siku za wapasuaji wa mifupa huko Ulaya na Marekani. Wachimba makaa walitolewa, askari walitolewa, wachezaji wa mpira wa miguu walitolewa. Huko Dundee, Scotland, alikuwako mpasuaji I. S. Smillie, ambaye kitabu chake juu ya majeraha ya goti kilitoka kwanza mwaka 1946, na wengi walikisoma. Yeye alifundisha kwamba hilali iliyochanika itolewe yote, wala isibakizwe, maana aliamini nyingine huota mahali pake. Kweli huota kitu, lakini ni utepe mwembamba wa kovu, si kata.

Huenda mtauliza: Je, wagonjwa hawakurudi kulalamika? Hapo ndipo penye kiini cha habari yote, nami nawaombeni msikilize vizuri. Mgonjwa aliingia hospitali na goti lililokwama, ana maumivu makali, hawezi kazi. Alitolewa hilali. Baada ya wiki chache alikuwa anatembea. Baada ya miezi kadha alikuwa anacheza mpira au yumo mgodini. Daktari alimwona amepona, akafurahi kwa haki. Mgonjwa alimsifu kwa rafiki zake. Kumbe ndani ya goti, mfupa wa mviringo sasa unakanyaga bapa bila kata. Uzito ule ule unaangukia mahali padogo. Gegedu linasagwa kidogo kidogo, nalo, kama tulivyosema, halina mishipa ya fahamu, halipigi kelele. Miaka 5 hupita, 10, 20. Ndipo goti linapoanza kuuma asubuhi, kuvimba jioni, kupinda kama upinde. Wakati huo yule daktari amestaafu au amekufa, na mgonjwa mwenyewe anasema ni uzee. Faida ilionekana mwezi ule ule, na hasara ilikuja baada ya miaka ishirini. Nani angaliziunganisha?

Aliyeziunganisha ni Mwingereza jina lake T. J. Fairbank. Alitumia picha za eksirei, ambazo Röntgen alizivumbua mwaka 1895. Fairbank alikusanya watu zaidi ya 100 waliokwisha kutolewa hilali, wengine miezi michache nyuma, wengine miaka mingi. Akapiga picha goti lililopasuliwa, na kwa wengi akapiga na goti la pili la mtu yule yule ambalo halikuguswa. Ni jambo rahisi, wala halikuhitaji chombo kipya. Akaona kwamba katika magoti mengi yaliyopasuliwa kifundo cha mfupa wa paja kimeanza kuwa bapa, nafasi kati ya mifupa imepungua, na ukingo wa mfupa umeota tuta dogo. Mwaka 1948 akaandika kwa maneno ya upole kwamba yaonekana hilali hubeba sehemu ya uzito wa mwili, na kwamba kuitoa si jambo lisilo na madhara yo yote.

Makala yake ilikuwa fupi. Ilisomwa, ikasifiwa, na kisu kikaendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Sijui niseme nini juu ya jambo hilo, isipokuwa kwamba mkono uliozoea kazi fulani huchelewa kusikia.

Sasa tuondoke Uingereza, twende Japani, kwa maana huko watu walilitazama goti kwa njia nyingine, na kwa haja nyingine. Siku zile nyumba nyingi za Japani hazikuwa na viti. Watu walikula, walifanya kazi na walipokea wageni wamekaa juu ya mikeka, magoti yamekunjwa chini yao. Na katika nchi hiyo kifua kikuu kilikuwa kingi, nacho kikishika goti huliacha gumu, halikunjiki. Mtu wa goti gumu hakuweza kukaa na wenzake. Kwa sababu hiyo Profesa Kenji Takagi wa Chuo Kikuu cha Tokyo alitaka kuyaona magonjwa ya goti mapema, kabla hayajaliharibu. Mwaka 1918 alichukua bomba jembamba ambalo madaktari walilitumia kutazamia ndani ya kibofu cha mkojo, akaliingiza katika goti la maiti, akatazama. Baadaye alitengeneza mabomba maalumu kwa kazi hiyo. Chombo cha namna hii huitwa athroskopi, yaani darubini ya kiungo.

Mwanafunzi wake Masaki Watanabe aliichukua kazi ikawa ya maisha yake. Alijaribu darubini moja baada ya nyingine, akizipa namba, hata akafika namba 21, ambayo ilikuwa na kitaa kidogo cha umeme kwenye ncha yake. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha picha za ndani ya goti. Tena tarehe 4 Mei mwaka 1962, huko Tokyo, alimtibu kijana wa miaka 17 mchezaji wa mpira wa kikapu, ambaye hilali yake ilichanika. Watanabe hakulifungua goti kwa kisu kirefu. Aliingia na darubini kwa tundu dogo, akakata kile kipande kilichochanika peke yake, akakiacha chote kilichobaki kizima. Wiki 6 baadaye kijana alikuwa anacheza tena. Daktari mmoja wa Kanada, Robert Jackson, alikwenda Tokyo mwaka 1964, akajifunza kwa Watanabe, na yeye akamfundisha Watanabe Kiingereza. Aliporudi kwao Toronto alikuwa nayo elimu hiyo. Na mwaka 1969 Hiroshi Ikeuchi, mwenzake Watanabe, alishona hilali kwa kutumia darubini. Kushona kule kule kwa Annandale, baada ya miaka 86.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa nchi mbalimbali waliyaweka magoti ya maiti katika mashine za kukandamiza, wakapima. Wakaona kwamba goti likiwa limenyooka, hilali hubeba karibu nusu ya mzigo unaopita kwenye kiungo. Likikunjwa, hubeba zaidi ya hapo. Mwaka 1982 Steven Arnoczky na Russell Warren wa Marekani walionyesha kwamba mishipa ya damu huingia katika ukingo wa nje wa hilali tu, kama sehemu ya robo au chini ya hapo, na sehemu ya ndani haina damu. Basi ikafahamika ni mchaniko gani waweza kupona ukishonwa na ni upi hauwezi. Penye damu pana kupona.

Huko Sweden walitafutwa watu waliotolewa hilali nzima miaka 21 nyuma, wakapigwa picha, na matokeo yakaandikwa mwaka 1998. Karibu nusu ya magoti yao yalikuwa yamelika waziwazi. Kwa watu wa umri wao ambao hawakupasuliwa, yaliyolika hivyo yalikuwa kama 7 katika kila 100. Fairbank alikuwa amesema kweli.

Mtadhani habari imekwisha: zamani walikata yote, sasa wanakata kidogo, mambo ni mema. Lakini bado kuna jambo moja, na kwangu mimi ndilo la ajabu kupita yote.

Darubini ya Watanabe ilirahisisha kazi mno. Tundu mbili ndogo, mgonjwa anarudi nyumbani siku ile ile. Na mtu akifika umri wa makamo, hilali zake huanza kuchakaa na kupasuka zenyewe, kama nguo ya kazi, bila yeye kuanguka wala kujigeuza. Basi ikawa mamilioni ya watu wa umri huo wenye maumivu ya goti walisafishwa hilali zao kwa darubini, na wengi walisema wamepata nafuu. Madaktari wa Finland wakataka kujua kama nafuu hiyo yatokana na kukata. Walichukua wagonjwa 146, wenye umri wa miaka 35 mpaka 65, wenye hilali iliyochakaa namna hiyo, nao wagonjwa wakakubali. Wote waliingizwa darubini. Kisha, kwa kura, wengine walikatwa kile kilichopasuka, na wengine hawakukatwa kitu. Kwa hawa wa pili daktari aliomba vyombo, akaugeuzageuza mguu, akaacha mashine ivume, wakakaa chumbani muda ule ule, ili mgonjwa asijue. Baada ya mwaka mmoja wakaulizwa habari za maumivu yao. Makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na nafuu yao ilikuwa sawa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2013.

Tangu hapo madaktari wengi humwanza mtu wa makamo mwenye hilali iliyochakaa kwa mazoezi ya kuupa nguvu ule msuli mkubwa wa paja tulioukaza mwanzoni mwa somo. Kijana ambaye goti lake limekwama baada ya kujipinda, likakataa kunyooka, ni habari nyingine. Huyo na aende hospitali upesi, kwa kuwa huenda hilali yake yaweza kushonwa.

Kwa kazi ya darasa: chora goti kwa ubavu, uonyeshe mfupa wa paja, muundi, pia na hilali. Kisha andika kwa maneno yako mwenyewe, mistari sita isipungue, kwa nini wagonjwa wa Bland-Sutton na Smillie waliondoka hospitali wakiwa na furaha. Walimu, yasomeni majibu yote kwa sauti kabla ya kusahihisha. Juma lijalo, saa kama hii, tutasoma habari za nyonga. Kwaherini.